Pigo la Ishirini

Mama alinifundisha vugo, ngoma ya pembe ya wanawake, kwa kunipiga. Alinikalisha mbele yake uani, pembe ya nyati mkono wa kushoto, kijiti mkono wa kulia, akawa ananitandika mgongoni kwa kiganja, mawili, mawili, nami nipige pembe matatu katika muda uleule. Nikikosea, kiganja kinageuka ngumi. "Usihesabu, sema," aliniambia. "Njoo, kula, njoo. Njoo, kula, njoo." Ukisema hivyo, tatu na mbili zinakaa chungu kimoja wala hazigombani. Mgongo wangu uliijua hesabu hiyo kabla ya kichwa, na chuoni sikupata nyingine zaidi ya kusoma juzuu na kuchapwa.

Hesabu ya kuua aliileta mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Nasema wazi kuwa ni yeye, maana Bagamoyo watu wanapenda kusema "vurugu za ngoma", kana kwamba ngoma ina mikono.

Mjomba alipiga tarumbeta katika jeshi la Mdachi, na Mdachi alipoondoka akampigia Mwingereza. Aliporudi alifanywa Kingi wa beni ya mtaa wetu. Waliozaliwa juzi hawaijui beni. Ilikuwa ngoma ya kuandamana, dramu kubwa mbele, wanaume wamevaa kijeshi wameshika bakora, kila mtu na cheo chake, na wanawake nyuma na pembe zetu. Mtaa wa pili walikuwa na yao. Zikikutana njiani hakuna anayenyamaza wala anayepisha. Mnapiga uso kwa uso mpaka upande mmoja upotewe na mapigo, na hao ndio wanaoingia mtaroni wenzao wapite. Vichwa vilipasuka, ndiyo. Lakini mpiga dramu haguswi. Huo ulikuwa mwiko.

Mpiga dramu wa mtaa wa pili alikuwa mume wangu. Kuolewa hakukunihamisha beni. Mwanamke alicheza upande wa mama yake. Tulikula sahani moja, na sikukuu ikifika tukazomeana barabarani.

Alikuwa na adabu moja waliyokuwa nayo wapiga dramu wa zamani wote. Ikitokea dramu yake na ya adui zimelia pamoja, pigo moja, aliinua mikwiro yake yote miwili ya kupigia juu ya kichwa kumwamkia mwenzake. Ilikuwa bahati, haikutokea mara nyingi, na watu walishangilia pande zote mbili. Mjomba aliitazama mikono ile inavyopanda, akaitafutia hesabu.

Nilimkuta barazani kwake siku moja kabla ya Idi. Amepanga korosho safu mbili. Safu ya juu amegeuza kila ya nne, ya chini kila ya tano. Kwa siku nyingi alikuwa akimlazimisha mpiga dramu wetu kupiga kila hatua ya tano, jambo ambalo beni haikuwahi kulifanya, na kila akikosea alimchapa bakora ya vifundo mpaka damu. Sasa alikuwa anamweleza Sajenti wake, mchinjaji wa sokoni.

"Nne ni yao, tano ni yetu. Zinapishana, zinapishana, halafu hapa." Akaweka kidole kwenye korosho ya ishirini. "Hapa hazina budi kulia pamoja. Si bahati tena hiyo. Unaingoja kama unavyongoja adhana."

"Naye akishainua mikono, Kingi?"

"Akishainua mikono kichwa ki wazi. Kwani wewe ng'ombe humchinji mpaka shingo uinyooshe?"

Wakacheka. Mjomba akaniona. "Mwanangu, kumbe upo! Haya ni ya wanaume. Nenda kakoroge uji."

Nilikwenda mbio kwa mume wangu. Alikuwa anakaza kamba za dramu.

"Kesho usiinue mikono."

"Nisimwamkie mwenzangu? Nimekuwa mbwa?"

"Wanakuja na tano. Ikikutana na nne yako watakupiga."

"Tano haina mguu wa kuandamana, bibi wee! Mjomba wako hata samaki hajui kumgawa, ataigawa ngoma?"

Nikageuza sufuria nikampigia, mkono huu nne, mkono ule tano, mpaka zikalia pamoja, zikaachana tena. Nilimwona amesikia, maana kicheko kilikoma.

"Nzuri," akasema.

Mungu wangu. Alisema ni nzuri.

"Hebu rudia," akasema tena. Kisha: "Usihofu. Mpiga dramu haguswi."

Beni zilikutana kesho yake njia ya Kaole, baada ya sala ya alasiri. Tano ile iliwavuruga watu wa mtaa wa pili mara moja, miguu ikagongana, mmoja akaanguka na bakora zikamshukia hapohapo alipolala. Mume wangu peke yake aliishika nne yake. Dramu zikalia pamoja, mikwiro ikapanda, watu wakashangilia. Sajenti alikuwa bado mbali. Nikamwona anasogea kwa pembeni.

Niliacha pembe, nikaanza kuhesabu kwa sauti huku nawasukuma wanawake wenzangu. Nilimpigia mume wangu kelele asiinue tena mikono, nani asikie. Nilimfikia Sajenti nikiwa nimechelewa pigo moja. Dramu zote mbili zililia, mikono ikapanda, na bakora yenye chuma ndani ikampata mume wangu juu ya sikio. Mfupa sikuusikia. Kishindo cha dramu kiliumeza, na mjomba alilijua hilo pia.

Nilimpiga Sajenti kwa pembe, usoni, mpaka meno yakamtoka. Akaniangusha, akanikanyaga mkono kwa kisigino mpaka vidole viwili vikafa, na havijafufuka.

Wazee wa mtaa walikaa, wakanywa kahawa, wakasema ngoma iliwapanda vijana. Mjomba alikaa nao.

Mume wangu alilala upande mmoja umekufa, maneno hayamtoki, kifafa kinamtupa kitandani hadi sakafuni. Nilimlisha kwa kijiko masika mbili. Masika ya pili haikuisha naye.

Walipomtoa, mjomba alikuja amevaa kanzu mpya akashika jeneza mbele, kama mkwe mwema. Mjane hatoki. Nilitoka.

"Mjomba, ondoa mkono."

"Mwanangu, msiba umekuzidi. Rudi ndani."

"Ondoa mkono. Wewe ndiye uliyemuua, wewe na huyo kibogoyo wako nyuma."

Wanawake walinivuta kanga. Wanaume walitazama chini, wa kwetu na wa kwao. Kisha mpiga dramu wetu, yuleyule aliyefundishwa tano kwa damu, alimbandua mjomba kidole kimoja kimoja, akaingiza bega lake pale. Jeneza likaondoka, na mjomba akafuata nyuma kabisa pamoja na watoto.

Hukumu nyingine hakupata. Yuko hai mpaka leo, watu wanamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba. Mimi nikipishana naye natema mate.