Kijiwaya cha Mzee Nedko

"Mtu mwenye akili timamu anapaka ukuta rangi kwanza, halafu ndio anaita fundi wa umeme?"

Mzee Nedko alikuwa amesimama katikati ya jiko langu na begi lake la vyombo, akiutazama ule ukuta kama umemtukana. Mume wangu Dobri alimjibu kwamba ukuta ni wake na rangi ni yake, fundi kazi yake ni kuunga oveni tu na kwenda zake. Namwelewa Dobri. Siku tatu alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi ya kiini cha yai, shingo ikamkakamaa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa ni sikukuu ya Mtakatifu Georgi, na baba mkwe wangu anaitwa Georgi, kwa hiyo ni sikukuu yake pia: wageni kumi na wanne, na mwanakondoo ameshachinjwa. Oveni isipowaka, ningebeba sinia nimeinamisha kichwa hadi kwenye oveni ya mwoka mikate nikapange foleni na mtaa mzima, na wifi yangu Rusanka angepata la kusema mpaka Krismasi. Alishasema kwamba oveni mpya kwenye nyumba kama yetu ni kumvika nguruwe pete.

Mzee Nedko alizima meni swichi, akaifungua soketi ya jiko la zamani, akachungulia. Ndani kulikuwa na kijiwaya kifupi kama kidole gumba. Kimeunga waya unaorudisha umeme na kile chuma cha soketi, ambacho kwa haki yake kinatakiwa kiwe na waya wake peke yake, unaokwenda ardhini. Jengo letu lote liko hivyo. Ukutani mna waya mbili, wa tatu haujawahi kuwepo.

Nikamwambia kijiwaya hicho kipo tangu nasukwa mikia miwili nikienda shule, na hakuna aliyekufa. Aunge, anywe kahawa, tuachane kwa heri.

Mzee Nedko alichomeka oveni kwenye soketi ileile, akaenda kwenye kiboksi cha juu ya mlango, akaulegeza ule waya wa kurudi. Akatuamuru tusogee nyuma, akawasha meni swichi. Saa ya oveni haikuwaka. Ungeapa imekufa. Akagusisha testa, bisibisi yake yenye taa ya kupimia umeme, kwenye mpini wa mlango wa oveni, pale ninapoweka mkono mimi, na taa ya testa ikawaka nyekundu.

"Waya unalegea wenyewe, Gina," alisema. "Ukikaa ukutani miaka arobaini, unalegea, na umeme ukikosa pa kurudi unapita kwenye kijiwaya hadi kwenye chuma cha oveni. Nawe una mikono ya maji, unavuta sinia."

Dobri hapendi kushindwa, akacheka kicheko cha uongo, akauliza ni mjinga gani basi aliyekiweka kitu hicho.

"Mimi," akasema Mzee Nedko.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na miwili, na kikosi cha wajenzi, akatandika nyaya za milango arobaini na minane ya jengo letu. Msimamizi alisema wafunge hivyo, na taratibu za siku zile ziliruhusu. Akapewa na nyumba humuhumu, ghorofa ya pili, kisha akafanya kazi kiwanda cha sufu mpaka akastaafu. Mwaka aliostaafu, Bi Kuna wa ghorofa ya nne alirushwa na mashine ya kufulia, akavunjika mkono. Mzee Nedko alimfuata hospitali na machungwa, akamwambia: kile kilichokurusha nilikifunga kwa mkono wangu. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna ambaye angejua.

Tangu hapo anapita mlango kwa mlango. Anayemfungulia, anamwekea waya wa tatu. Wengi tulimwambia kesho. Wengine walisema mzee amekosa kazi, anawatia watu hofu apate cha mfukoni. Maneno hayo yalisemwa ngazini, kwa sauti, na aliyeyasema ni mimi.

Basi Dobri mwenyewe ndiye aliyechukua tindo na nyundo. Alipasua rangi yake ya kiini cha yai kutoka mita iliyoko ngazini hadi kwenye oveni, analaani huku anapasua, na vumbi likaingia hadi kwenye sukari. Mzee Nedko alikuja nyuma yake, na kila kiungo alichokifunga alikivuta kwa koleo, kisha akakivuta tena. Dobri alimwambia ameshavuta. Akasema anajua, akavuta mara ya tatu. Alhamisi mchana akarudia kile kitendo cha testa mbele yetu. Haikuwaka. Ndipo aliponiruhusu kuweka mkono.

Nilimpa pesa. Akachukua ya waya tu, nyingine akanirudishia mkononi.

"Kazi ya mlango huu nililipwa zamani," alisema. "Nilikuwa sijaimaliza."

Ijumaa mwanakondoo aliiva ngozi ikilia kama karatasi. Rusanka alikula vipande vitatu, na aliponyanyua kichwa alisema tu kwamba ukuta una ufa. Kabla ya wageni kuondoka nilikata bega, nikaweka na wali wa maini, nikashuka hadi ghorofa ya pili.

Dirishani kwake kulikuwa na mtungi wa kioo wa achari, umejaa vijiwaya vifupi. Alitoa chetu kwenye mfuko wa shati, akakitumbukiza humo. Akasema imebaki milango kumi na mmoja.

Nikamwambia yale maneno ya ngazini mwaka ule niliyasema mimi, na si mtu mwingine.

"Nilikusikia," alisema, akinivutia kiti. "Kaa, nyama inapoa."