Uso wa Mtu wa Toleka

Watu wanaosema "niliona kwa macho yangu" wananichefua, na mimi ndiye mkubwa wao. Miaka yote niliyofundisha biolojia hapa Kabondo nilijisifu kwamba sisahau uso. Mwanafunzi niliyemfukuza darasani akiwa mtoto, nikimkuta sokoni ana ndevu, namjua. Wenzangu walinisifia kipaji hicho, nami mjinga nikasadiki.

Siku hiyo nilitoka shuleni kwa toleka, baiskeli ya abiria, maana pikipiki naziogopa. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba mfuko wenye karatasi za mtihani za darasa zima haupo. Papo hapo nikauona kichwani: mfuko mweusi, ukining'inia kwenye usukani, na mwendeshaji akiondoka nao.

Nikarudi mbio hadi kwenye rond-point, mzunguko wa barabara ambapo waendeshaji wanangojea abiria. Nikawatazama waliokuwa wameegemea baiskeli zao, nikamnyooshea mmoja kidole. Ni huyu. Nilitaja hata kovu dogo juu ya jicho lake la kushoto. Akaulizwa mama anayeuza kwanga, mikate ya muhogo, pale pembeni. Kwanza alisema hakuangalia, alikuwa akipanga kwanga zake. Nilipomaliza kusimulia mara ya tatu, alikuwa amekwisha kuukumbuka mfuko. Jioni akakumbuka na kovu. Wanafunzi wangu wakinakiliana namna hiyo nawapa sifuri.

Mshtakiwa wangu hakupiga kelele. Alikana, kisha akaniuliza neno moja tu.

"Mama, ule alikubeba alikuwa mbele, weye nyuma. Uso yake uliona saa gani?"

Swali hilo lingemnyamazisha mtu yeyote mwenye akili. Kwenye toleka abiria haoni kitu ila mgongo na shati lililolowa jasho. Hata bei mimi hupatana nikiwa nimeshakaa, nikiongea na kisogo. Mji mzima unajua hivyo. Mimi, mwalimu, nilimjibu kwamba mwizi hakosi maneno, na watu wakacheka. Kiongozi wa waendeshaji akaizuia baiskeli yake mpaka mfuko upatikane. Kumbe haikuwa yake, aliikodi. Mwenye baiskeli alikuja kuichukua siku hiyohiyo, akampa mtu mwingine.

Siku ya tatu mfuko ulionekana juu ya kabati, ofisini kwa mkuu wa shule. Niliuweka hapo mwenyewe nilipoingia kutia sahihi. Haukupanda baiskeli hata hatua moja.

Na kovu je, nililitoa wapi? Nilisumbuka nalo siku kadhaa mpaka nikajua, nikaona aibu. Kati ya waendeshaji wote wa pale, yule ndiye peke yake aliyezoea kunisalimu kila asubuhi. Kichwa changu kilichosifiwa kilitafuta mwizi, kikakuta uso kinaoujua, kikaridhika. Nilimwadhibu mtu kwa sababu ya adabu yake. Nilimwendea mama wa kwanga kumweleza, naye akasema bado anakumbuka mfuko ukipita. Nilitaka kumdharau, lakini nyani haoni kundule. Mimi mwenyewe hadi leo nikifumba macho nauona ukining'inia pale kwenye usukani.

Nilimtafuta yule mwendeshaji nimwombe msamaha. Wakaniambia amehamia njia ya Bengamisa, anasukuma baiskeli za makaa kuleta mjini. Nilikwenda mara mbili bila kumpata. Sikuweza kulala vizuri, maana niliyemnyima chakula hata jina lake silijui.

Mwezi uliopita nikamkuta, anapanda mlima taratibu na magunia matatu. Nilimtambua kwa kovu nikiwa bado mbali. Nikamsimamisha. Nikaungama yote, mfuko, kabati, kiburi changu, nikalia mbele ya wapita njia bila kujali nani ananitazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekaza mikono ili mzigo usimwangukie.

"Mama," akasema polepole, "mimi sikufanyaka toleka hata siku moja. Iko mutu mwingine."

Nikamwangalia tena. Kovu lilikuwa juu ya jicho la kulia.