Masika Tulipochagua Theluji

Chama chetu cha kusoma hakikuwa na jina. Tulikuwa walimu wawili, dresa wa zahanati na mkewe, mkunga wa misheni, fundi cherehani wa pale sokoni, na karani wa ghala la mpunga ambaye Ifakara nzima ilimwita Koplo, kwa sababu alikwenda vitani Burma akarudi na cheo hicho. Tulikutana Jumapili baada ya misa, barazani kwa dresa. Fundi, Mwislamu peke yake kati yetu, alitutangulia kila mara, na kila mara alituuliza kama padri wetu analipwa kwa neno.

Vitabu tuliazimwa na maktaba moja ya Dar es Salaam. Walituletea sanduku moja, na sanduku moja lilikuwa na vitabu vya upande mmoja tu wa dunia. Lilikuja na lori la mwisho kabla ya mvua kukata barabara ya Kilosa, na likishafika tulikaa nalo mpaka maji yapungue, tupende tusipende. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Aliyekijua alisoma kwa zamu, kisha akasimulia kwa Kiswahili, na mke wa dresa, ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza, ndiye aliyetutoa jasho kwa maswali.

Kuchagua upande gani wa dunia tulichagua kwa punje. Dresa aliweka sahani yenye mpunga na mahindi, mpunga kwa upande huu, mahindi kwa upande ule. Unafumba punje yako mkononi, unaidondosha kibuyuni, kisha zote zinamwagwa kwenye ungo mbele ya watu. Mwaka ninaousema, maktaba ilitupa nafasi ya kuchagua kati ya nchi za Mashariki, toka Bara Hindi hadi Burma, na nchi za kaskazini kabisa, zile za theluji. Mpunga ulikuwa Mashariki. Mahindi yalikuwa theluji.

Juma moja kabla ya kura, Koplo alinikuta Kivukoni nikisubiri samaki.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba, mwalimu. Hebu niambie, mtumbwi ule una watu?"

Nikageuka nikidhani ananitania. Mtumbwi ulikuwa umeshafika katikati ya mto, na mwanamke aliyekaa ndani yake alikuwa na khanga nyekundu ambayo hata mtoto angeiona. Nikamwambia yuko mwanamke na mpiga kasia. Akatikisa kichwa.

"Mimi naona kitu cheusi tu. Nimekwenda hospitali ya misheni. Wanasema ni ugonjwa wa kule mitoni kwetu, milimani Mahenge, na haurudi nyuma. Masika haya nitasoma. Yajayo, sijui."

Nikasema pole, kisha pole tena. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Nataka vitabu vya kule Burma, mwalimu. Nataka kuwasoma watu wa kule nikiwa peke yangu, kabla sijawa mtu wa kusomewa. Kuna jambo nalitafuta kwao. Na usiwaambie wenzetu. Sitaki kura za huruma."

Nikamwahidi. Ahadi hiyo niliitimiza, na nikaitumia vibaya kuliko kama ningeivunja.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naitaka theluji. Niliitaka tangu nilipotoka chuoni, kwa sababu nilikuwa nawafundisha watoto habari zake bila kuijua, na niliona aibu. Tena nilikuwa nimekwishatunga hotuba yangu kichwani, na mimi nikishatunga hotuba siwezi kulala nayo. Jumapili ya kura ilipofika, Koplo alisimama kwanza, akasema maneno machache tu: "Mimi nasema Mashariki. Kule nilifika." Akaketi.

Nikajiambia kwamba nikinyamaza, mimi ninayejulikana kwa mdomo, watashtuka na siri ya Koplo itatoka. Ndivyo nilivyojidanganya. Nikasimama.

"Ndugu zangu, huko Mashariki kuna nini? Mpunga, mto, mafuriko, mbu. Sasa tukasome habari za mpunga, tukitoka hapa turudi mashambani Katindiuka tukapalilie mpunga? Mtu hafungui dirisha ili aone ukuta wa nyumba yake. Tukasome tusichokijua!"

Wakacheka. Fundi akapiga makofi, akasema anataka kujua watu wa huko wanashonewa nguo gani. Mkunga akauliza kama watoto huzaliwa kwenye baridi ile wakapona. Nilikuwa na raha, nakiri. Kisha nikamwona Koplo, naye anacheka, nikaketi upesi.

Hata hapo nilikuwa na nafasi. Sahani ilikuwa inanijia. Nikatazama punje zile, nikafikiri: watu hawa wanampenda Koplo, wengi watampa mpunga hata bila sababu, kura yangu haitageuza kitu. Nikachukua punje ya mahindi. Punje zilipomwagwa ungoni, mahindi yaliuzidi mpunga kwa punje moja.

Wengine waliposimama kunywa chai, nilimfuata Koplo uani. Nikamwambia punje ile ilikuwa yangu. Sikuweza kukaa nayo hata nusu saa.

"Najua," akasema. "Umesema vizuri, mwalimu. Hata mimi nusura nichukue mahindi."

"Masika yajayo tutachukua Mashariki. Nakuahidi."

Bonde letu zima huzungumza hivyo. Nyumba ikianguka, tutajenga masika yakipita. Deni, posa, ugomvi wa mipaka kule Idete, yote hungoja masika yajayo. Maneno yale yalinitoka kwa mazoea, na nilipoyasikia nimekwisha kuyasema. Koplo akanishika bega, akarudi kunywa chai yake.

Masika yale yalikuwa mazuri kuliko yote ya chama chetu, na hilo ndilo lililonitesa. Mvua ilipiga bati la dresa na sisi tukiwa ndani tunasimuliana jinsi watu wanavyotembea juu ya maziwa yaliyoganda. Mke wa dresa aliuliza samaki wa chini wanapumuaje, tukabishana mpaka jioni. Koplo alishika zamu yake kama wote. Nilimkuta ghalani mchana mmoja, kitabu amekileta mpaka puani, amejiweka mlangoni palipo na mwanga, jasho linamtoka, kidole kinapita chini ya mstari polepole. Alikuwa anasoma habari za mtu aliyepotelewa na buti katika theluji. Macho yaliyombakia alikuwa anayamalizia kwenye buti la mtu huyo, kwa sababu mimi nilipenda hotuba yangu. Nikaondoka bila kubisha hodi.

Mwaka uliofuata hatukupiga kura. Nilisema tu "Mashariki", na hakuna aliyenibishia, maana wakati huo Koplo alikuwa akija barazani ameshikwa mkono na mke wake. Sanduku lilipofika, nilitafuta humo vitabu vya Burma, nikapata kimoja tu, cha hadithi fupi. Nikakipeleka kwake kabla mtu mwingine hajakigusa.

"Nikusomee?"

Alikipapasa kitabu. "Sina namna nyingine," akasema.

Nikawa nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kumpa kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Hadithi mbili za kwanza alizisikiliza kwa adabu. Ya tatu ilihusu mjane wa kijiji cha mtoni wakati wa vita. Askari wageni walipita kwake, wakakuta amening'iniza mpunga juu ya meko.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mpunga wa kula au wa mbegu?"

Nikatazama. "Wa mbegu."

Mtu wa bonde haulizi zaidi ya hapo. Mbegu inayokaa juu ya moshi haiguswi, hata watoto wakilala na njaa.

"Tulijua ni mbegu," akasema. "Mimi niliwaambia wenzangu, hii ni mbegu, kwetu pia huwekwa hivi. Lakini tulikuwa na njaa. Tuliutwanga ndani ya kofia za chuma. Yule mama alikaa mlangoni anatutazama. Miaka yote hii najiuliza, mwaka ule walipanda nini?"

Uso wake ulikuwa wazi mbele yangu, na hakuwa na jinsi ya kujua naona kiasi gani. Akageukia ukutani, kwa kukisia, na bado nilimwona. Hiki ndicho alichotaka kukifanya peke yake, na punje yangu ndiyo iliyoniweka pale kwenye kigoda, nikimtazama mtu mzima akilia.

"Endelea."

Macho yangu yalikwishatangulia hadi chini ya ukurasa. Mjane hakupanda kitu. Mtoto mkubwa alipona kwa mizizi ya porini. Mdogo hakuyaona mavuno. Hakuna aliyekuwa anaona ukurasa ule ila mimi, na sentensi njema ilikuwa tayari ulimini: jirani aliwaletea mbegu, wakapanda, wakavuna.

"Jirani yake," nikaanza.

"Mwalimu." Hakugeuka. "Soma kama ilivyoandikwa. Safari hii usinichagulie."

Nikasoma kama ilivyoandikwa.