Tumbo la Mwalimu Kigen na Kibuyu Changu

Kwa miaka mingi Mwalimu Kigen alikaa nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango. Watu wa Chepsaita walidhani ni unyenyekevu. Mimi niliyemfulia suruali miaka kumi na tisa najua ni tumbo. Likinguruma, hata Baba Yetu hamalizi.

Tumbo hilo ndilo alilonifukuzia. Alipompata Sharon alihitaji sababu, akawaambia wazee kwamba kibuyu changu ni kichafu na maziwa yangu ya mala, ninayoyagandisha humo, ndiyo yanayomharisha. Mzee Kipkirui na wenzake waliitikia, maana kila mmoja alikuwa amemwona Mwalimu akikimbilia choo. Kwetu, mwanamke akiambiwa kibuyu chake ni kichafu, hapati tena mgeni. Nikahamia Langas. Niliondoka mimi na kibuyu. Tumbo likabaki likinguruma vilevile.

Mwanzoni mwa mwaka huu daktari alimpima, hakuona kidonda wala minyoo. Alisema ni utumbo mwepesi wa kukasirika. Ajaribu yogati isiyo na sukari, kidogo kila siku, kwani wengine huwasaidia na wengine hapana. Sharon akamnunulia ya stroberi, tamu kama peremende. Mwalimu akakosa mazishi mawili na mkutano wa wazazi.

Binti yetu Jerop aliniletea habari hizo akicheka, kisha akafikia kilichomleta. Wakwe zake walikuwa wanakuja kumposa, na wageni kama hao hunywa maziwa ya kibuyu cha mama wa binti. Baba yake alishasema changu kisitumike. Yaani Jerop aolewe kama mtoto wa mama mchafu.

"Mama," akaniuliza, "unaweza kugandisha bila mkaa?"

Mkaa tunaosugua ndani ya kibuyu ndio huyapa maziwa yetu rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Mwalimu angeyatambua yakiwa bado njiani. Basi nikakisugua kibuyu kilekile kwa maji moto siku tatu hadi moshi ukaisha. Nikachemsha maziwa, nikayapoza, nikayagandisha meupe. Jerop akawa anamimina kwenye kopo la yogati aliloliosha vizuri, anampelekea baba yake kama ya dukani.

Wiki sita Mwalimu alikula vijiko vyake kila asubuhi. Tumbo likatulia, si kabisa, ila lilimwachia amalize sala. Akawa mhubiri wa yogati. Alimhubiria hata dereva wa trekta.

Siku ya posa niliingia na kibuyu kwapani. Mwalimu alikuwa amekaa katikati ya wazee, mbali na mlango. Akaniambia kwa sauti ile ya mbele ya mkaguzi wa shule, "Karibu, Mama Jerop. Lakini hicho kikae hapo mlangoni, tuna wageni."

Nikakiweka.

Baada ya chakula akawasimulia wageni habari za tumbo lake, kwa urefu, na jinsi yogati ilivyomsaidia. Akamwita Jerop amletee. Jerop akachukua kopo tupu, akapita mbele ya wageni wote, akainama mlangoni, akafungua kibuyu changu na kumimina.

"Ni hii tu, Baba. Hujala nyingine tangu Februari."

Mwalimu alitazama kopo, kisha akatazama mlango. Mazoea.

"Kunywa, Mwalimu," Mzee Kipkirui akasema. "Umetuhubiria vya kutosha."

Akanywa. Mzee naye akaninyooshea kikombe chake bila kuniangalia usoni. "Mama Jerop, hata tumbo langu siku hizi halina adabu."

Wakwe wakafuata. Kibuyu kilirudi Langas kitupu.

Hakuna aliyeniomba msamaha, na mimi sijasamehe. Kila Jumamosi Mwalimu humtuma Sharon kwangu na kopo. Simnyimi. Namwambia tu asubiri kidogo, hapohapo mlangoni.