Jumapili Ilipofika Zamu ya Mama

Harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa asubuhi ndiyo inayonirudisha Kishanda, hata leo nikiwa nimeketi kwenye kiti changu kikubwa katika hoteli yangu mjini Bukoba. Sakafu zangu siku hizi ni za simenti nyekundu, zinapigwa nta mpaka mtu anajiona sura, na aliyezijenga ni mimi, Deusi, niliyeishia darasa la pili. Walionicheka kwa kushindwa hesabu za kugawanya leo wananiomba lifti kwenye malori yangu. Lakini enzi zile za Mwingereza kanisa la kigango chetu, tawi dogo la parokia, lilikuwa la udongo na paa la nyasi, na kila Jumapili akina mama walitandaza nyasi mpya sakafuni, kama tufanyavyo Wahaya nyumbani tukimngojea mgeni. Ukikaa zinakunong'oneza chini ya mapaja. Ukiogopa unazivunja vipande vipande kwa vidole. Mimi nilizivunja sana nyasi za kanisa lile.

Kishanda sikuzaliwa. Sisi tulikuwa watu wa Kanazi, na kibanja cha baba kilikuwa na migomba minene na mibuni mpaka barabarani. Siku moja baba alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, jioni tumbo likavimba, akafa. Baba zangu wadogo wakasema mke wake amemtilia sumu. Msomaji ambaye si Mhaya lazima nimweleze hapa: kwetu hofu ya sumu ilikuwa kubwa kuliko hofu ya radi. Mwenye nyumba alionja kwanza pombe ndipo mgeni anywe, na ukikataa buni za kutafuna ulizoletewa, umemwambia mwenyeji wako usoni kwamba ni muuaji. Basi walikuja mchana kweupe na mapanga, wakafyeka migomba yetu yote, hata ile yenye mikungu michanga. Mama alisimama mlangoni akitazama, na alijua kwamba baada ya migomba itafuata nyumba. Akachukua jembe na mkono wangu, tukaondoka. Honi ya meli katika bandari ya Kemondo, jirani na Kanazi, ililia nyuma yetu, nami nikadhani ni wao wanatuita.

Tulipofika Kishanda miguu imevimba, aliyetupokea alikuwa Mwalimu Petro, katekista wa kigango, mtu mwembamba mwenye kanzu moja iliyofuliwa mpaka ikaisha rangi. Yeye na mkewe, Paulina, walitupa banda lao la jikoni tulale. Kesho yake Wakristo wakaanza kuja: huyu na chipukizi la mgomba, huyu na maharage ya mbegu, mwingine na mikono yake tu, akatusaidia kusimamisha kibanda. Hakuna aliyeuliza tumetoka wapi na kwa nini. Mimi nilingoja waulize. Kila mtu mzima aliyeinama kunisalimia nilidhani sasa ndipo anauliza.

Pale kigangoni kulikuwa na desturi moja nzuri. Kila Jumapili baada ya sala familia moja ilipika kwa zamu, ndizi na maharage, ikamwaga kwenye majani ya mgomba katikati ya kanisa, na waliotoka mbali na waliotoka karibu wakala pamoja, mikono yote kwenye jani moja. Mpaka leo sijala chakula kitamu kama kile, nami ninalisha mji. Mama naye akaingizwa kwenye zamu kama wenzake, akafurahi kama msichana.

Wiki ya zamu yake akapita mwanamke wa Kemondo anayeuza dagaa. Alimkuta mama kisimani, akaweka mkono mdomoni, akasema mbele ya wote, "Jamani! Si yule wa Kanazi huyu, aliyemlisha mumewe sumu?" Mama akajaza mtungi wake, akaubeba, akaondoka. Tangu saa hiyo Kishanda ikanyamaza. Watoto niliocheza nao wakaitwa majumbani mwao kila nilipotokea. Nilikuwa nikiamka asubuhi kitu cha kwanza natoka nje kuhesabu migomba yetu, kama imesimama yote.

Jumamosi nikamwambia mama tuondoke. Alikuwa anamenya ndizi.

"Twende wapi?"

"Popote, mawe." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya.

"Tukikimbia leo tumeitikia. Nipe hiyo chumvi."

Mwalimu Petro alikuwa amepita kumwambia zamu yake iko palepale. Alisema neno hilo tu, bila kutuangalia machoni, na nikaona kwamba hata yeye anaogopa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Jumapili sala zilikwisha, mama akaingia na furushi la majani ya mgomba kichwani, akalifungua katikati ya nyasi. Mvuke ukapanda. Hakuna aliyesogea. Nakuambia, kanisa zima lilikuwa linatazama chakula kama watu wanavyomtazama nyoka. Mimi nikaona hapa ndipo tunapofukuzwa, na safari hii hatuna pa kwenda. Nikajitosa katikati, nikamega ndizi, nikala kwa haraka mpaka nikaungua ulimi.

"Huo si ushahidi," akasema Kamugisha, mkulima mwenye kibanja kikubwa jirani yetu. "Mtoto wake ameonyeshwa upande wa kula."

Mwalimu Petro akainuka. Akazunguka lile jani pole pole mpaka upande wa pili, mbali na nilipomega mimi, akapiga magoti. Paulina akamshika mkono wa kanzu. "Baba Anna! Una watoto wewe."

"Nawajua, mama Anna. Niachie mkono."

Akafanya ishara ya msalaba, akamega. Ndizi ikamponyoka, ikaanguka kwenye nyasi. Akaiokota, akaipuliza, akala. Halafu akala tena, na maharage. Akarudi kukaa mahali pake. Na sisi wote, Mungu atusamehe, tukaketi kumngojea afe.

Nje kukaanza kunguruma. Watu walimtazama macho, wakamtazama midomo. Paulina alikuwa anahesabu rozari bila sauti. Mwalimu akipiga mwayo, watu wanavuta pumzi, akijikuna, wanasogea. Nyasi zote zilizonizunguka nilikuwa nimezimaliza kwa kuzivunja. Mara Mwalimu akasimama ghafla, akaikamata kanzu yake tumboni kwa mikono miwili, akatoka mbio.

Sitasahau kelele ile. Paulina alianguka. Kamugisha akaruka, akamkamata mama kifundo cha mkono, "Umemuua! Umetuulia mwalimu!" Mtu mwingine akasema iletwe kamba. Nilimng'ang'ania mama kiunoni. Alikuwa anatazama mlango tu. Nilifumba macho. Nilisikia mvua ikishuka juu ya paa, kubwa, na nikawaza kwamba hata kukimbia sasa haiwezekani, njia zitateleza.

Kisha nikasikia kitu kinaburutwa. Nikafumbua macho. Mwalimu Petro alikuwa mlangoni, ameloa chapachapa, kanzu imepandishwa na kufungwa kiunoni, anavuta jamvi la kahawa ya kigango iliyokuwa imeanikwa nyuma ya kanisa.

"Watu wazima!" akafoka. "Mmekaa kunitazama mimi, kahawa inalowa huko nje! Kamugisha, mwachie huyo mama, njoo ushike upande huu wa jamvi. Bado mengine mawili!"

Kamugisha akauangalia mkono wake, kama vile ni wa mtu mwingine, akauachia. Akaenda akashika jamvi. Wanaume wakamfuata mvuani, na waliporudi, wanatiririka maji na punje za kahawa zimewaganda miguuni, Bibi Kokushubira, mwanamke mzee na mwenye ulimi mkali kuliko wote pale, alikuwa ameshajivuta mpaka penye jani.

"Njaa inaniuma tangu asubuhi," akasema. "Kama ni kufa, nife nimeshiba." Akatia tonge mdomoni, akatafuna. "Mama Deusi, chumvi haitoshi."

Mama akacheka, kisha akalia, na watu wakasogea kula, ndizi zikiwa zimeshapoa.

Sitakudanganya kwamba hofu iliisha siku ile. Wako waliokula huku wanatazamana, na mimi niliendelea kuhesabu migomba kila asubuhi mpaka msimu wa senene, wale panzi tunaowala, ulipokuja. Ila haukukatwa hata mmoja, na mama alizikwa Kishanda, mzee, na waliombeba ni watoto wa Kamugisha.

Leo kanisa letu ni la matofali na bati, na kila anayesali pale anajua bati zile zilikuja kwa lori la nani. Kiti changu kiko mbele. Mwalimu Petro alikufa bila kununua hata bati moja, maskini, na nikipima mali yangu na yake namshinda mara mia. Lakini mwaka huu ugonjwa huu mpya unaokausha watu umemchukua mume wa Adela, mshonaji wa jumuiya yetu, kikundi cha majirani tunaosali nyumba kwa nyumba. Daktari alikuja akatueleza kwamba haumpati mtu kwa kula pamoja, tukaitikia sote. Halafu watu wakaanza kuja kwenye jumuiya na vikombe vyao mifukoni. Siku hizi Adela anakaa karibu na mlango, na mtoto wake nimemwona akikwangua simenti kwa ukucha, maana nyasi hakuna.

Jumapili ijayo jumuiya inasali kwa Adela, na mwenye nyumba ndiye anayepika. Wengi wameshasema wana safari. Mimi nimemwambia mke wangu asinipikie siku hiyo. Akaniuliza kama siogopi. Nikamwambia naogopa sana, na asinipikie.