Ulimi wa Kwanza wa Thirza

Thirza alipoolewa na Clement, karani wa reli kutoka mjini, alikuwa akiongea kama sisi sote wa vinamasi vya Somerset, Uingereza: kiti ni yeye, ndoo ni yeye, kila kitu kinasemwa kama binadamu. Clement akamcheka mbele ya wageni.

"Unaongea kama mchunga ng'ombe, mke wangu."

Thirza akajirekebisha. Miaka na miaka akaongea kimjini kama mke wa kasisi, hata na mimi, Keziah, niliyesuka naye vikapu tangu utotoni. Ilinikera, acha tu!

Kisha akapigwa na kiharusi. Alichofundishwa ukubwani kikafutika chote, kikabaki kile alichonyonya kwa mama yake. Tena kwa sauti ileile ya mama yake, marehemu!

Asubuhi moja Clement alinijia mbio. "Jirani, njoo! Anasema, 'Amesimama nyuma ya mlango, ananitazama, mtoe!'"

Nikaenda. Ulikuwa ufagio.

"Ndiye huyo," nikamwambia. "Mtoe."

Nilicheka, lakini Clement hakucheka. Nyumba yake ilikuwa imejaa watu asiowaona, na mkewe akizungumza nao wote isipokuwa yeye. Clement akimsemesha, Thirza anageukia ukutani.

"Hanijui, Keziah. Nifundishe maneno yenu."

"Yapi? Yale ya wachunga ng'ombe?"

"Usinisute, dada yangu. Nataka anijue kabla hajafa."

Hapo nikamwonea huruma. Msimu mzima wa kukata fito za vikapu tulikaa jikoni kwangu, mimi namkosoa na kumfokea, yeye anarudia. Mwishowe akaketi kando ya kitanda cha mkewe, akamwuliza kwa lugha yetu, "Chai vipi, amepoa?"

Thirza akageuka. Akatabasamu, akamshika mkono! Waliongea mchana kutwa: mafuriko, matufaha, ng'ombe wa baba yake. Clement analia huku anacheka, nami nalia mlangoni.

Jioni ilipokaribia, Thirza akashtuka, akauachia ule mkono.

"Wewe ni mtu mwema," akamnong'oneza. "Lakini nenda sasa, kipenzi. Mume wangu anakaribia kurudi, naye hataki mtu wa kuongea hivi nyumbani kwake."

Clement akachukua kofia yake, akatoka.