Goti Langu na Wavu wa Chuma

Kila asubuhi humsalimu mama mkwe wangu kwa magoti, na sijawahi kuona ni utumwa. Asubuhi moja hakuitikia. Aliinama kutoka kwenye kiti chake akanishika wayo.

“Huu muguu iko baridi,” akasema. “Na hiki kidonda ya kidole, tangu lini?”

Mwezi mzima nilikuwa nakificha ndani ya soksi. Nina ugonjwa wa sukari, na nilijua nitagombezwa. Daktari wa kwanza, hapa Likasi, alisema mshipa wa damu umeziba karibu wote, na kwamba huenda mguu ukakatwa chini ya goti. Nikamshukuru, nikatoka. Nilikuwa na hasira kuliko hofu.

Tukaenda Lubumbashi kwa daktari wa mishipa. Mume wangu alivaa shati lake la misa. Yeye ni fundi bomba, amezeekea kiwandani Shituru, na hakuna kitu kilichoziba ambacho hana maoni juu yake. Daktari alituonyesha picha, akaeleza kuwa hatapasua mguu. Ataingilia kwenye tundu dogo juu ya paja. Angeweza kupuliza puto ndani ya mshipa ili lipanue njia, halafu alitoe. Angeweza pia kuacha humo wavu mwembamba wa chuma ushikilie ukuta, au kuukwangua uchafu wenyewe.

“Kukwangua,” mume wangu akasema kabla hajaulizwa. “Docteur, uchafu ukiisukuma pembeni, kesho inarudia. Sisi tunakwangua.”

“Bomba yako ni chuma, papa. Hii ni nyama. Inaweza kutoboka, na vipande vikishuka vinaenda kuziba vidole.”

Mume wangu akahama upande bila haya. Sasa alitaka wavu, kwa kuwa nao ni chuma, na daktari akaelekea kukubali. Wanaume wawili walikuwa wakipatana juu ya mguu wangu kana kwamba mwenyewe nimebaki Likasi.

“Docteur, inaziba fasi gani?” nikauliza.

Akaweka kidole nyuma ya goti langu.

“Miye napiga magoti kila siku. Kwa mama mukwe, kwa kanisa, kwa kupika ku mbabula ya makaa. Hiyo chuma itajikunja namna gani?”

Hadi wakati huo daktari alikuwa amenipima nikiwa nimenyoosha mguu. Akaniomba nikunje goti pale kitandani, akairudia picha yake. Kisha akasema wavu unaokunjwa kila siku unaweza kuvunjika, na njia ikaziba upya. Akachagua puto lililopakwa dawa ya kuchelewesha kuziba, na mshipa ukiziba tena, atalirudia. Hakuniahidi zaidi ya hapo, na nilimwamini kwa sababu hiyo.

Majuma kadhaa baada ya kupulizwa puto hilo, kidonda kilianza kujifunga. Asubuhi ya kwanza niliyoruhusiwa kupiga magoti, mume wangu alisimama mlangoni, mikono mbele, tayari kunidaka. Nilishuka polepole, mwenyewe, nikasalimu.

Mama mkwe hakuitikia. Aliushika wayo wangu kwa mikono yote miwili, akakaa nao hivyo muda mrefu, machozi yakimtoka.

“Iko na moto,” akasema.

Kisha akanigombeza kwa ile soksi.